Mlima Kenya kwa siku tatu, inawezekana au tunauziwa mbuzi kwenye gunia?

mtu_wa_kibosho
Wakuu habari zenu. Mimi niko Moshi, Kili nilishapanda kwa Marangu mpaka Uhuru, kwa hiyo baridi na ule usiku wa kileleni nauelewa. Mwezi wa pili mimi na washkaji tunataka kwenda Mlima Kenya, kuna kampuni imetupa bei ya siku tatu, kupanda na kushuka kwa njia ya Sirimon, wanasema mtu aliyefika mita 5,895 za Kili huu kwake ni mdogo tu. Ni kweli? Halafu naona wengine wanataja Batian wengine Lenana, kilele chenyewe ni kipi, maana sitaki nirudi kijiweni niambiwe sikufika.

kijana_nanyuki
Karibu sana bro. Batian ndio ya juu kabisa, 5,199, ikifuatiwa na Nelion 5,188, lakini hizo mbili ni mwamba mtupu, huendi bila kamba, helmeti na mtu anayejua kazi ya kupanda mawe. Wanaotembea kwa miguu wote huishia Lenana, 4,985, na hakuna mtu huku atakwambia hukufika. (Batian ni yule laibon, yaani kiongozi wa kiroho, Mbatian wa Wamasai, Lenana ni mtoto wake, kwa hivyo mzee kukaa juu ya kijana ni sawa tu.)

Siku tatu watu huenda, sikatai. Lakini angalia vile unalala. Marangu usiku wa kwanza ulilala kambi ya Mandara, mita 2,720. Sirimon usiku wa kwanza ni kambi ya Old Moses, 3,300, wa pili kambi ya Shipton's, 4,200, na saa nane au tisa usiku huohuo unaamshwa uende juu. Yaani mlima ni mfupi lakini unapandishwa haraka zaidi, na hapo ndipo watu wanaumwa.

Chui77
Mnamtisha bure, mimi nilienda siku tatu na nikashuka nikicheka.

kijana_nanyuki
@Chui77 wewe ulicheka, na kuna wenye miili kama ya maaskari walioshushwa kwa machela. Altitudi haiangalii mazoezi.

nesi_wa_zamu
Naunga mkono. Na hiyo ya kusema ulishapanda Kili haikusaidii kama ilikuwa mwaka jana, mwili ukikaa chini wiki chache ule uzoefu wa hewa nyepesi unaisha, unaanza upya kama mwenzio ambaye hajawahi. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida, pumzika, usiongeze mwinuko mpaka kitulie. Ila mtu akianza kuyumba kama mlevi, au anakohoa na anakosa pumzi hata akiwa amekaa tu, hapo hakuna kusubiri kukuche, anashuka usiku uleule. Diamox, vile vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, muulize daktari kabla ya safari, usimeze za kuazima.

mama_chogoria
Mdogo wangu ongeza siku, hata mbili. Mkifika Shipton's laleni hapo mara mbili, hiyo siku ya katikati mnapanda kidogo kisha mnarudi kulala. Halafu msishukie Sirimon, shukeni huku kwetu Chogoria, mtaliona lile bonde la Gorges na Ziwa Michaelson kule chini kabisa, mimi nimezaliwa huku na bado nikipata nafasi naenda. Ubaya wake ni barabara ya msituni kutoka geti hadi mjini, ikinyesha ni tope tupu, gari lipangwe mapema tena liwe foobaifoo, hapo getini msitegemee bodaboda.

mtu_wa_kibosho
Asante dada. Na mwezi wa pili mvua vipi?

kijana_nanyuki
Januari na Februari ni kavu, mmechagua poa. Ila huku ni ikweta bana, miezi hiyo jua liko upande wa kusini, so upande wa kaskazini mnaopandia unaweza kuwa na barafu kwenye mawe ya juu alfajiri. Glavu nzito, tochi ya kichwani yenye betri mpya. Jua linatoka kwenye saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima hivyo hivyo, kwa hivyo hakuna haja ya kutoka saa saba mkakae juu mkiganda. Na mbebe pasi zenu, Mtanzania halipi bei ya mzungu getini, ila bei zenyewe ziangalie kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla hujalipa hiyo kampuni.

mtu_wa_kibosho
Nimewapigia sasa hivi, siku tano kushukia Chogoria wanataka pesa ya ziada kwa ajili ya gari. Ngoja niongee na washkaji.