Modela ya gitaa inanoga kwenye hedifoni, nikifika kwenye bendi inapotea. Naombeni ushauri

Nyuzi_Sita
Habari zenu wakuu. Napiga gitaa la umeme mwaka wa kumi na moja huu, muda wote kwa amplifaya moja ya valvu yenye spika mbili za inchi 12. Sauti yake naipenda mno, ila kuibeba kunaniumiza mgongo, na nyumbani nikiipandisha kidogo tu watoto wanaamka. Nimeamua kuhamia kwenye modela ya kidijitali, yaani kifaa kinachoiga sauti ya amplifaya.

Mwenzangu kaniazima yake nijaribu. Nilikesha nayo na hedifoni, nikatengeneza priseti (mipangilio ya sauti iliyohifadhiwa) nne: distosheni imeshiba, besi nzito, mwangwi mpana. Nilifurahi sana. Jumamosi nikaenda nayo mazoezini, nikaichomeka kwenye amplifaya yangu, tundu lile lile la mbele ninalochomekaga pedali. Sauti ikatoka kama imefunikwa blanketi. Ngoma na besi zilipoingia sikujisikia kabisa. Nikaongeza geini (kiwango cha distosheni), likawa tope.

Je, nitafute kifaa kikubwa zaidi, au modela zote ziko hivyo? Na hizi wanazoita "kapcha" zina tofauti gani na modela ya kawaida? Nataka kununua mara moja tu.

FundiMitambo
Usinunue chochote kwanza. Kwenye hiyo priseti, kabineti (sanduku la spika la kuigiza) uliizima?

Nyuzi_Sita
Sikuigusa, mkuu. Ilikuwepo mwisho wa mnyororo, nikaiacha.

FundiMitambo
Basi ugonjwa tumeshaupata.

Spika ya gitaa si sawa na spika ya kusikilizia muziki. Ikipita kHz 5 hivi inaanza kukata kwa kasi, na huko kukata ndiko kunakoilainisha distosheni. Ukiipeleka distosheni kwenye mikseri bila spika hiyo, utasikia nyigu ndani ya kopo. Kwa hiyo modela inaweka kabineti ya kuigiza mwishoni, mara nyingi kwa faili la IR, yaani rekodi ya jinsi kabineti fulani inavyoitikia mbele ya maiki fulani iliyowekwa mahali fulani. Hedifoni inaihitaji hiyo. Mikseri pia.

Wewe ulitoka na amplifaya ya kuigiza na kabineti ya kuigiza, ukaingia kwenye amplifaya ya kweli, ukamalizia kwenye spika za kweli. Kila kitu mara mbili. Hilo ndilo blanketi lako.

Angalia nyuma ya amplifaya kama kuna matundu yameandikwa SEND na RETURN. Chomeka modela kwenye RETURN, hapo unairuka sehemu ya mbele na vitufe vyake vya toni. Zima kabineti kwenye modela. Volyumu ya modela ianze chini kabisa, maana tundu hilo kwenye amplifaya nyingi halipiti kwenye kitufe cha sauti na linaweza kukushtua.

Gita_na_Roho
Au achomoe spika kabisa, atoe waya wa spika moja kwa moja kwenye modela?

FundiMitambo
Hapana! Amplifaya ya valvu haiwashwi bila mzigo, yaani spika. Transfoma ya kutolea sauti inaungua, na modela nayo itakufa kwa umeme huo. Bila spika lazima kuwe na kifaa maalumu cha kubeba mzigo.

Mpiga_Solo
Fundi kamaliza upande wa waya. Mimi naongezea masikio, maana hata ukichomeka sawasawa, priseti za hedifoni zitakuangusha.

Sikio halisikii sawa kwenye sauti ya chini na ya juu. Watafiti Fletcher na Munson walilipima hilo mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi na pia zile kali za juu. Usiku chumbani unaziongeza ili ufurahi. Ukifika mazoezini sauti imepanda, sikio limezirudisha lenyewe, na wewe umeshazijaza. Zile za kati ulizoziacha nyuma ndizo makao ya gitaa, na hapo hakuna kitu.

Fanya hivi. Tengeneza priseti ukiwa umesimama, kwa sauti ile ile ya kupigia na bendi, ikiwezekana ngoma zikiwepo. Uzi mnene wa E uko Hz 82, kwa hiyo kata chini ya 80 hadi 100, mwachie mpiga besi nafasi yake. Ukienda kwenye mikseri, kata na juu, kuanzia kHz 6 au 7. Rudisha geini mpaka uone imepungua mno, halafu ongeza sauti za kati. Peke yako itakukera kidogo, lakini kwenye bendi itakaa pahala pake. Mwangwi nao upunguze kwa nusu, ukumbi una wa kwake.

DadaRifu
Kaka Nyuzi, kwenye kununua nina maneno, maana nimeanza na hivi vitu tangu POD, modela ile nyekundu ya umbo la figo iliyotoka 1998.

Modela ya kawaida inaiga saketi, ukizungusha kitufe cha toni inajibu karibu na amplifaya yenyewe. Kapcha ni picha ya amplifaya moja ikiwa imewekwa hivyo ilivyowekwa siku hiyo. Ni ya kweli mno, ila ukitaka geini tofauti kabisa, tafuta kapcha nyingine. Kampuni ya Kemper ndio waliozitia mikononi mwa wapigaji, na leo kuna NAM (Neural Amp Modeler), programu ya bure na ya chanzo huria. Kama una kompyuta na kifaa cha kuingizia gitaa, ijaribu hiyo kabla hujatoa hela. Itakuambia kama wewe ni mtu wa kapcha au wa kuzungusha vitufe.

Usichague kwa idadi ya amplifaya zilizomo. Utatumia tatu. Mimi naangalia swichi za mguu. Kibao kidogo chenye swichi tatu kinatosha studio, lakini ukiwa unaimba huku unapiga utazitafuta swichi gizani. Angalia pia kama kina "sini", yaani kubadilisha mipangilio ndani ya priseti moja. Kwenye vifaa vingi, kuhama priseti kunakata sauti kidogo na kuua mkia wa mwangwi. Niliwahi kuhama priseti pale pale solo inapoanza, noti ya kwanza ikamezwa yote. Tangu siku hiyo wimbo mmoja ni priseti moja.

Na umeme: modela ya HX Stomp, kwa mfano, ni ndogo lakini adapta yake ni volti 9, ampea 3. Usidhani pawasaplai ya pedali itaiwasha tu.

Valvu_Daima
Mimi nasema baki na valvu. Kuna ucheleweshaji kwenye dijitali, vidole vinausikia.

DadaRifu
Kaka, nakuheshimu, ila milisekunde 3 ni sawa na kusogea mita moja kutoka kwenye spika. Kila siku tunasimama mbali zaidi ya hapo.

Nyuzi_Sita
Nimerudi na majibu wakuu. Leo nimechomeka RETURN, kabineti nimezima, geini nimeishusha kutoka 8 hadi 4. Kwenye kodi ya kwanza tu mpiga ngoma akageuka kuniangalia. Nasikia kila uzi ndani ya kodi, kitu ambacho Jumamosi hakikuwepo. Nawashukuru sana, nilikuwa karibu kununua kifaa kikubwa mara mbili ya hiki bila sababu.

Swali la mwisho: jukwaani fundi wa sauti anataka waya wa kwenda kwenye mikseri, na mimi nataka amplifaya yangu nyuma yangu. Kabineti niwashe au nizime?

FundiMitambo
Vyote viwili. Igawe njia baada ya amplifaya ya kuigiza. Tawi moja lipite kwenye kabineti, litoke XLR kwenda mikseri. Jingine lisipite, litoke jeki kwenda RETURN. Mwombe fundi azime volti 48 (umeme wa kuendeshea maiki) kwenye chaneli yako, na ukisikia mvumo, bonyeza swichi ya kukata athi kwenye XLR. Ikwalaiza ya ukumbi iweke kwenye tawi la mikseri peke yake, ili akikuomba upunguze besi, sauti ya nyuma yako isiguswe.