Zamu zinakula Jumapili zangu zote, nyie wenzangu mnafanyaje?

Kutoka: Kaka wa zamu ya usiku

Bwana asifiwe wapendwa. Naandika nikiwa kwenye basi natoka kazini kwa hiyo mnisamehe nikikosea, macho yenyewe yanajifunga. Ni hivi, huu ni mwezi wa tano mfululizo zamu zangu ni za usiku, na wikiendi zote nimo, yaani Jumapili watu wakiwa wanaimba mi ndo kwanza navua viatu nilale, nikiamka ibada imeisha zamani na picha zishapostiwa. Mwanzoni nikajiambia ntaangalia mahubiri kwenye simu, na kweli nikawa naangalia, baadaye nikawa naangalia nusu, baadaye nikawa naiacha inaongea yenyewe huku napiga mswaki, sasa hivi hata kuiwasha siiwashi. Ile apu ya Biblia inanikumbusha kila asubuhi somo la leo, naifuta kama navyofuta matangazo ya mikopo. Mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka niliuanza Januari kwa mbwembwe zote, nikakwamia Walawi pale kwenye ukoma, ukitoka ukoma wa watu unaingia ukoma wa nyumba, basi nikafunga.

Sijaacha kuamini jamani msinielewe vibaya. Ila nikipiga magoti naanza Baba yetu, sifiki hata kwenye mkate, nshalala.

Na tafadhali mtu asiniambie niache kazi, kuna watu wanakula kupitia hii kazi. Nauliza tu, wenye ratiba kama yangu mnakuaje kiroho?

---

Kutoka: Dada wa maombi

Pole sana kaka yangu. Mi siri yangu ni moja tu, amka saa kumi alfajiri kabla shetani hajaamka. Miaka mitatu sijaacha na nimeona mkono wa Bwana. Jitoe kaka, usikubali mwili ukutawale!

---

Kutoka: Mama mstaafu wa zamu

Dada wa maombi mwanangu, saa kumi yako naiheshimu sana, ila huyu kijana saa kumi alfajiri yuko kazini ameshika ufagio au sijui nini, sasa aamke kutoka wapi? (Na shetani hana saa ya kuamka, hilo tuliache.)

Kijana wangu, mi nimefanya usiku miaka minane kwa hiyo nakuandikia kama mtu aliyepita hiyo njia, vumilia ni ndefu.

La kwanza lala. Sikutanii. Eliya alipochoka akaenda jangwani akakaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe, na malaika alipokuja hakumletea mahubiri wala hakumuuliza mbona umeacha kuomba, alimgusa akamwambia inuka ule, kulikuwa na mkate umeokwa kwenye makaa na gudulia la maji, akala akalala TENA, na malaika akarudi mara ya pili na chakula kilekile. Soma 1 Wafalme 19. Mambo ya Mungu kusema naye kwa sauti ndogo ya utulivu yalikuja baadaye sana, mtu akiwa ameshalala na kushiba. Wewe unajaribu kusikia ile sauti ukiwa hujalala siku mbili, na ukisinzia kwenye Baba yetu unajihukumu. Baba yako anajua umetoka wapi.

La pili hiyo mipango ya mwaka mzima achana nayo kwa sasa. Mtu wa usiku anataka kitu kifupi cha kumaliza wakati chai inapoa. Nikupe nilichokipata mimi na sikufundishwa na mtu, niliangukia tu. Fungua Zaburi ya 120 uende mpaka 134, ni zaburi 15, zinaitwa Nyimbo za kupanda, wale watu walikuwa wanaziimba wakiwa safarini kwenda Yerusalemu. Ni fupi zote, ndefu kabisa ni ya 132 nayo ina mistari 18 tu, nyingine zina mitatu. Sasa angalia zinavyoanza, 120 ni mtu analia ole wangu nimekaa ugenini Mesheki, amechoka kuishi na watu asioelewana nao. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye chumba cha mapumziko, nikasema huyu naye yuko ughaibuni kama mimi! Ukivuka unakutana na 121, yule anayekulinda hasinzii wala halali, nikaona kumbe sisi wawili ndo tuko macho saa tisa usiku. 127 inasema kuchelewa kulala na kuwahi kuamka kwa mahangaiko ni bure, Mungu anampa mpenzi wake usingizi (hiyo ukaisome ukishafunga mapazia mchana). 130 ni ya mtu anayemngoja Bwana kuliko walinzi wanavyoingoja asubuhi, na imelisema mara mbili, aliyeandika alikuwa anaijua ile saa kumi na moja ambayo dakika hazisogei. Ukifika 134, ya mwisho, mistari mitatu, inawaita watumishi wanaosimama nyumbani mwa Bwana usiku. Wa zamu ya usiku! Safari nzima ya kupanda inaishia kwa watu wa zamu ya usiku.

Mi nilikuwa nasoma moja kwa usiku, mapumziko ya kwanza, zikiisha narudi mwanzo. Nimezizungusha sijui mara ngapi, nyingine zimekaa kichwani zenyewe bila kujilazimisha, afu ukiwa unasukuma kitoroli saa nane usiku unajikuta unaisema tu. Hiyo nayo ni sala, nani alikwambia mpaka magoti.

La tatu ndo gumu. Miaka miwili ya mwanzo mtu akiniuliza u hali gani kiroho najibu niko sawa namshukuru Mungu, huku nimekauka kama kuni. Jibu hilo nililitoa hata kwa mchungaji. Aliyenitoa ni dada mmoja tuliyekuwa tunapishana mlangoni, yeye anaingia mi natoka, siku hiyo hakuniuliza u hali gani, aliniuliza jana umesoma nini. Nikanyamaza. Akasema basi kesho ntakuuliza tena. Na kesho yake akauliza kweli! Nilikasirika sana, nilisema huyu ananichunga kama mtoto, lakini nilianza kusoma ili nisiaibike mlangoni, nakiri, nilianza kwa aibu. Upendo ulikuja nyuma yake taratibu. Kwa hiyo tafuta mtu MMOJA. Kikundi cha watu 200 hakikufai, humo ni amina amina na maua, hakuna anayegundua kama umekufa.

---

Kutoka: Mkristo wa kawaida tu

Hiyo ya 134 sikuwahi kuiona hivyo, nimeisoma sasa hivi hapa kazini. Amina mama.

---

Kutoka: Mzee wa kikundi

Nimesoma yote. Mama amesema kweli, naongeza mawili.

Kijana anajiona kama amekuwa Mkristo wa daraja la chini kwa sababu Jumapili yake imechukuliwa. Mwanangu, kwa karibu miaka 300 ya mwanzo Wakristo hawakuwa na Jumapili ya mapumziko. Kaizari Constantine ndiye aliyetoa amri ya kupumzika siku hiyo, mwaka 321, na hata yeye aliwaruhusu wakulima waendelee na mashamba. Kabla ya hapo Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama Jumanne, na wengi kanisani walikuwa watumwa, hawana hata wa kumwomba ruhusa. Kuna barua ya gavana mmoja Mroma, Pliny, aliyetawala Bithinia na Ponto (Uturuki ya leo), alimwandikia Kaizari Trajan mwaka 112 hivi kuuliza awafanye nini Wakristo. Anaeleza wanakutana siku maalumu kabla hakujapambazuka, wanamwimbia Kristo kwa kupokezana, wanaapa kutoiba wala kuzini wala kudhulumu amana, afu wanatawanyika. Ili apate ukweli aliwatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa. Ukisikia kabla hakujapambazuka jiulize kwa nini saa hiyo. Mimi naona jibu liko wazi, jua likichomoza mtumwa ni wa bwana wake.

Na yule Eutiko wa Matendo 20, kijana aliyesinzia dirishani Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Ilikuwa siku ya kwanza ya juma. Biblia haisemi alitoka wapi siku hiyo ila mi nimefanya kazi za mikono, nikimwona nashuku alitoka kazini. Paulo alishuka, akamkumbatia, wakapanda tena wakaumega mkate wakaongea mpaka alfajiri. Sijaona mahali alipokemewa kwa kusinzia.

Lakini (hapa mama naomba tusigombane) mtu mmoja mlangoni hatoshi miaka yote. Akila na mkewe Prisila walifukuzwa Rumi na amri ya Kaizari Klaudio, wakafika Korintho wageni, wakashona mahema na Paulo siku za kazi, walipohamia Efeso wakamchukua mhubiri Apolo pembeni wakamfundisha vizuri zaidi, na kanisa likawa linakutana nyumbani kwao. Wageni, wafanyakazi, na bado wana kanisa. Meza ya Bwana huwezi kujipa mwenyewe kwenye simu. Kwa hiyo fanya hivi, nenda kwa anayepanga ratiba KABLA hajaipanga, usingoje itoke uanze kulalamika, mwombe Jumapili moja tu kwa mwezi, umpe kitu badala yake, mwambie utachukua sikukuu ambazo wenzio hawazitaki. Omba kwa maandishi. Angalia pia kama kuna mwenzio anayeabudu Jumamosi au Ijumaa, huyo ni rafiki yako mkubwa, mbadilishane. Na mchungaji wako mwambie ukweli, makanisa mengi yana kitu katikati ya wiki, na kama hakuna, wazee wanaweza kukufuata wewe, ndo kazi yetu.

---

Kutoka: Dada wa maombi

Mama nimekubali, nilimjibu haraka bila kusoma vizuri. Kaka nisamehe. Naendelea na saa kumi yangu lakini nakuongezea kwenye orodha, saa kumi yangu ukiwa kazini ntakuwa nakutaja kwa Mungu, kwa hiyo ukiona saa kumi imefika ujue.

---

Kutoka: Baba wa watoto watatu

Swali dogo nje kidogo ya mada, hizi za kusikiliza Biblia ikisomwa kwenye simu nazo mnazihesabu? Mi sina mapumziko, naendesha gari siku nzima. Nimemaliza Marko hivyo, sura 16, haikufika hata masaa mawili, ila mke wangu anasema huko siyo kusoma.

---

Kutoka: Mama mstaafu wa zamu

Hesabu. Zamani watu wengi waliisikia tu, mmoja anasoma wengine wanasikiliza. Mkeo mwambie asome kwa sauti mkiwa nyumbani muone atakavyobadilika. Mzee, sigombani, umesema vizuri, mi nilisema aanze na mmoja.

---

Kutoka: Kaka wa zamu ya usiku

Shikamoo mama, shikamoo mzee. Nimelala saa nane mfululizo kwanza ndo nimesoma, kwa hiyo la kwanza nimetii hahaha.

Sikujua kama kuna mtu mwingine anakwama Walawi, maana nimepata meseji nne pembeni za watu wanaosema nao wamekwamia hapohapo kwenye ukoma. Mzee hiyo ya watumwa kukutana kabla hakujakucha imenikaa, jana nimetoka kazini bado giza nikasimama kituoni nikaimba ubeti mmoja wa wimbo kwa sauti ndogo, kuna mtu alisogea mbali nami kidogo lakini sawa tu. Ratiba ya mwezi ujao inapangwa Alhamisi, barua nimeshaiandika, naomba Jumapili ya pili. Kuna kaka mmoja Msabato kitengo kingine, ntamtafuta leo.

120 nimesoma. Mesheki kweli.

Sasa natafuta huyo mtu mmoja. Asiwe mpole sana, mi mpole ntamdanganya. Awe wa zamu ya usiku au anayeamka mapema, tunaanza 121 leo, kila mtu anatuma sauti ya dakika moja ya alichosoma akiwa kwenye mapumziko, mwenzie akiamka anasikiliza anajibu. Ukikosa siku mbili mwenzio anapiga simu. Nani yuko tayari? Naingia kazini saa nne usiku, nitumieni kabla ya hapo maana tukishaingia simu zinabaki kwenye makabati mpaka mapumziko.

---

Kutoka: Mkristo wa kawaida tu

Mimi. Ila 121 nshaisoma jana, kwa hiyo we ndo utaanza kutuma.