Naombeni ushauri, glavu za umeme za pikipiki kwa baridi ya huku Scotland

mwana_wa_lushoto: Habari zenu wakuu. Nipo Dundee, natumia pikipiki ya 125 kwenda kazini na Desemba hii baridi imenishinda. Natoka saa kumi na moja alfajiri, giza totoro, jua lenyewe linatoka karibu saa tatu, na kazi yangu ni ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kwahiyo nashuka napanda, nashuka napanda mpaka mchana. Kuna daraja la mto Tay lazima nivuke, kilomita mbili na ushee, upepo wa pale Mungu ndo anajua. Nataka glavu zenye umeme ndani. Kuna zenye betri zake na kuna za kuunga kwenye betri ya pikipiki, zipi nzuri? Na jaketi la umeme lina maana au ni kupoteza hela? Nisaidieni, usiku silali nawaza asubuhi itakuwaje.

nyuki_wa_makete: Pole mkuu. Huku Makete mwezi wa 6 na wa 7 majani yanaamka meupe na boda tunapiga kazi kama kawa. Gazeti. Likunje uweke kifuani chini ya jaketi, upepo haupiti. Mzee wangu aliendesha lori Mbeya Njombe miaka na miaka na gazeti kifuani, likiisha kazi anafungia nyama anapeleka nyumbani. Yule mzee hajawahi kuugua kifua hata siku moja, na kuna siku lori lilimzimikia porini usiku...

FundiWaya: Ngoja nijibu alichouliza. Nyuzi 0 ukiwa mwendo wa 50 kwa saa ngozi inaisikia kama 8 chini ya sifuri, sasa piga hesabu ya darajani. Glavu za betri zake, zile za volti 7.4, ukiweka moto wa juu zinakaa saa mbili tatu basi, na lithiamu kwenye baridi inashuka haraka. Za volti 12, zile za kuunga kwenye pikipiki, pea moja inakula kama wati 25 mpaka 30, 125 inabeba. Jaketi ndo mlaji, ukiunga vyote na huku unatembea mwendo wa foleni na taa inawaka, siku moja utabonyeza stata kimya. Weka fyuzi, weka na relei ili umeme ukatike ukizima switchi. Ila kwa mtu wa kushuka na kupanda mimi ningefunga vishikio vya umeme na zile soksi kubwa za usukani ambazo mikono inaingia ndani.

Kinangop254: Buda kwani huko hakuna basi? Pikipiki kwa barafu ni kutafuta kifo na nguvu zako. Una familia, fikiria watoto kwanza.

mwana_wa_lushoto: Basi la kwanza nikilingoja mteja wa kwanza anakaa na nepi ya usiku mpaka saa mbili, siwezi kumfanyia hivyo bibi wa watu. Na mimi ni dada jamani. FundiWaya asante sana ila za betri nimeshaagiza, zinafika Alhamisi, naona zitatosha.

BiSauda_nesi: Dada, vidole vyenyewe vikoje? Vinauma tu au vinabadilika rangi?

mwana_wa_lushoto: Ni baridi ya kawaida tu.

BiSauda_nesi: Mdogo wangu, mtu wa baridi ya kawaida analala vizuri tu akishajifunika. Vikoje?

mwana_wa_lushoto: Haya. Vinapauka vinakuwa vyeupe kama chaki, vitatu mkono wa kulia na viwili wa kushoto, na sivisikii. Breki ya mbele naikamata kwa kukisia. Nikifika kwa bibi kumwogesha natia mkono kwenye beseni sijui kama maji ni ya moto au vuguvugu, inabidi nipime kwa kiwiko nisije nikamuunguza. Baadae vinakuwa bluu, halafu vyekundu, na vikishakuwa vyekundu vinawaka mpaka natoa machozi. Natumia atenolol ya presha, sijui kama inahusika.

BiSauda_nesi: Inahusika sana. Hiyo inafanana na Raynaud, mishipa midogo ya vidole inajibana ikipigwa na baridi, na dawa za kundi la atenolol zinaweza kuizidisha. Usiiache ghafla lakini, ni hatari kwa moyo, daktari ndo akubadilishie. Na glavu za umeme kwa mtu asiyesikia vidole zinaweza kumuunguza bila yeye kujua. Anza na kizibao cha umeme, kifua kikipoa mwili unavuta damu ndani unavitelekeza vidole. Glavu zisikubane.

mwana_wa_lushoto: Kwa daktari siendi dada. Viza yangu imefungwa kwa mwajiri, wakisikia mikono haisikii wakaniondoa, barua ya uhamiaji ikija nina siku 60 nipate mwingine au nirudi nyumbani. Nina watoto wanasoma. Glavu nitaweka moto wa chini kabisa, hautaniunguza.

mzee_wa_kigoda: Chai hii. Mwanzo "zipi nzuri", kumbe ameshaagiza. Kaitwa mkuu kanyamaza, sasa ni dada. Sasa na ugonjwa. Huyu anauza glavu, subirini namba ya WhatsApp.

nyuki_wa_makete: Kwahiyo na baridi ya Makete utasema chai?

mzee_wa_kigoda: Makete nimeishi. Baridi ya kawaida ile, mnaikuza.

nyuki_wa_makete: Uliishi kata gani? Taja kata.

Kinangop254: Hata mimi nashuku. Dada wa Lushoto na pikipiki daraja la Ulaya usiku?

mwana_wa_lushoto: Sina cha kuuza. Leo upepo umezidi pikipiki zikazuiwa darajani, nimesimama upande wa huku na sare ya kazi nampigia mtoto wa bibi aende akamgeuze mama yake. Anayetaka kuamini aamini.

FundiWaya: Mimi namuamini. Muuzaji hakatai volti 12. Dada hizo za Alhamisi zirudishe kabla hujafungua boksi.

BiSauda_nesi: Daktari huku hampi mwajiri habari zako bila ridhaa yako. Kwake anakuja mgonjwa wa presha ambaye dawa inamsumbua, basi. Piga simu kesho.

mwana_wa_lushoto: Wanafungua saa mbili, na saa mbili ndo niko bafuni na bibi.

BiSauda_nesi: Mkaushe umvalishe, mkalishe kwenye kiti, saa mbili kasoro dakika moja uwe umeshika simu. Ukichelewa robo saa nafasi za siku zimeisha.