Mjadala: Chuki tunazaliwa nayo au tunapandikizwa? Na je, inatoka?

Mleta mada:

Wakuu, kila panapotokea mauaji ya kibaguzi kuna kauli ya Nelson Mandela inayorushwa huku na huku: hakuna anayezaliwa akimchukia mwenzake kwa rangi ya ngozi, asili au dini yake, kuchukia mtu hujifunza, na akiweza kujifunza hilo basi anaweza kufundishwa kupenda. Nusu ya kwanza naikubali kwa masharti. Ile ya pili ndiyo iliyonileta hapa. Inachukulia kwamba kilichofundishwa hufutika. Kiswahili nimefundishwa, sikuzaliwa nacho. Haya, nifutieni.

Masharti yangu ni haya. Watoto wachanga wameshapimwa. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza waliwaonesha picha za nyuso watoto wa siku chache na wa miezi mitatu. Wale wa siku chache hawakubagua. Wa miezi mitatu walizikodolea zaidi nyuso za rangi ya watu wanaowalea. Mwaka uliofuata, huko Israeli, wakapimwa watoto wa umri huohuo wenye asili ya Ethiopia, ambao tangu kuzaliwa walikuwa wakiona watu weusi na weupe kila siku. Upendeleo haukuonekana. Kwa hiyo hata kile tunachokiita cha asili kinakuwa kimeshanywa mazingira ndani ya siku tisini. Lakini miezi mitatu, jamani! Hakuna aliyemkalisha mtoto wa miezi mitatu akamhubiria. Na kukodolea si kuchukia, tusichanganye.

Hapo lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyodhani. Ukisema fulani "amechukia", wengi wataelewa kwamba amekasirika tu, kesho atacheka. Hiyo ni ya kila mtu, hata mtoto aliyenyang'anywa kijiko. Lakini kinyongo huwekwa. Chuki hufugwa, kama mbuzi: inataka majani kila siku na mtu wa kuichunga. Na ile ya kundi kwa kundi hupandikizwa, kisha ikachochewa. Vitenzi vyote hivyo vina mtendaji.

Msimamo wangu: tunazaliwa na "wetu kwanza" na woga wa mgeni. Chuki yenyewe ni kazi ya mikono. Nipingeni.

Mbishi:

Umeanza vizuri mkuu, ukaishia kutupamba. Nani alimfundisha yule mtoto wa Adamu kumchukia ndugu yake? Dunia nzima ilikuwa familia moja. Hakuna redio, hakuna mwanasiasa, hakuna kabila la pili. Katika Qurani, alipokwisha kumuua hakujua hata aufanyeje mwili, mpaka akaletwa kunguru akafukua ardhi mbele yake. Yaani kuzika ndiko alikofundishwa. Kuua hakufundishwa na mtu.

Na asije mtu akasema hayo ni ya imani tu. Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti wa sokwemtu Jane Goodall na wenzake waliyaona kwa macho. Kundi moja la sokwemtu liligawanyika mawili, Kasakela na Kahama. Kuanzia 1974 wale wa Kasakela wakawa wanawavizia wa Kahama, mmoja mmoja, wakimkuta peke yake wanampiga kwa pamoja hadi anabaki wa kufa. Kufikia 1978 madume wote wa Kahama walikuwa wamekwisha. Hao ni wanyama waliokuwa wakitoana chawa miaka michache tu nyuma! Nani aliwapandikiza?

Mama wa watatu:

Kaka zangu, mimi sina utafiti. Nina kikombe.

Nikiwa na miaka sita au saba kulikuwa na jirani aliyekuja kwetu mara kwa mara, mtu wa upande ambao sitautaja kwa sababu haubadilishi kitu. Mama alimkaribisha kwa bashasha, wakacheka, wakasimuliana. Akishaondoka, mama alikichukua kikombe chake kwa vidole viwili, akakiosha peke yake, akakifunika mwisho kabisa wa rafu, mbali na vingine. Hakusema neno. Sikuwahi kumsikia mama yangu akimsengenya yule mama wala watu wake, mpaka anaingia kaburini. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilielewa kila kitu.

Leo nina miaka hamsini na kitu. Nimefanya kazi na watu hao, nimelia kwenye misiba yao. Ukiniuliza nitakwambia siwachukii, na sidanganyi. Ila nikipewa maji nyumbani kwao, mkono unasita. Kichwa kinasema "upuuzi huo", mkono unakataa kwanza. Sasa mnisaidie: hiyo ni ya kuzaliwa au ya kufundishwa? Maana hakuna aliyenifundisha, na sikuzaliwa nayo.

Mleta mada:

Dada, naomba nikurudie baadaye, umenifunga mdomo kidogo. Nianze na Mbishi.

La kunguru nimelipenda, nitaliiba. Lakini tazama alichukiwa nani. Ndugu, mwenye jina na uso, ambaye sadaka yake ilipokelewa na ya mwenzake ikakataliwa. Ile ni husuda, na husuda sijawahi kudai inafundishwa. Mjadala wangu ni juu ya kumchukia mtu ambaye hujawahi kumwona, hajakunyang'anya kitu, unamjua kwa jina la kundi lake tu. Kwa chuki ya namna hiyo moyo unahitaji msaada.

Gombe ni ngumu zaidi, nakiri. Wapo waliosema vurugu ile ilitokana na ndizi walizokuwa wakilishwa na watafiti, lakini mauaji ya namna hiyo yamekuja kuonekana hata kwa makundi yasiyolishwa. Sitajificha huko. Nitasema hivi tu: ng'ambo ya Mto Kongo wako bonobo, ndugu wa damu wa hao sokwemtu, na makundi yao yakikutana mara nyingi hukaa pamoja na kutoana chawa. Sisi tuna undugu sawa na wote wawili. Ukichagua babu wa kumsingizia, chagua kwa haki.

Halafu Rwanda. Wahutu na Watutsi walikuwa na lugha moja, makanisa yaleyale, wameoana vizazi na vizazi. Wabelgiji ndio waliokuja miaka ya 1930 kuwagawia vitambulisho vyenye kabila. Redio ya RTLM ilianza kutangaza 1993, ikawa inawaita Watutsi mende. Mwaka 1994, kwa takriban siku 100, watu wapatao 800,000 au zaidi wakauawa. Kama chuki ni ya kuzaliwa, redio ilikuwa ya nini?

Mbishi:

Petroli ni ya nini kama kuni zinawaka? Ili ziwake haraka. Hujajibu bado. Maji huwezi kuyachochea yakawaka hata ukiyamwagia nini. Watu walichocheka kwa sababu kuna kitu ndani.

Nikupe mfano usio na historia wala damu. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel alichapisha majaribio aliyoyafanya Bristol, Uingereza, kwa wavulana wa miaka 14 na 15. Aliwaambia amewagawa kwa kupenda michoro ya mchoraji Klee au ya mchoraji Kandinsky, kumbe aliwagawa kwa bahati nasibu. Kisha kila mmoja akapewa kazi ya kugawa pesa kwa wengine asiowajua, anajua tu huyu wa kundi langu, yule wa kundi lile. Wakapendelea wao, sawa. Lakini wengi walichagua mgao ambao kundi lao linapata pungufu ya ambacho lingepata, mradi tu wale wengine wapate pungufu zaidi. Yaani bora tukose sote, ilimradi wewe ukose kuliko mimi. Na mgawaji mwenyewe hapati hata senti katika mgao huo. Kwa mchoro!

Mwalimu mstaafu:

Vijana, nimewasoma wote. Mbishi, jaribio la Tajfel ni zito, ila walichofanya wale wavulana ni uchoyo wa kundi. Hakuna aliyetaka mwenzake afe. Na kuna jingine watu hupenda kulisimulia nusu.

Mwanasaikolojia Muzafer Sherif, mwaka 1954, aliwapeleka wavulana 22 kambini Oklahoma, Marekani, akawagawa makundi mawili, akawashindanisha. Ndani ya siku chache wakawa wanachomeana bendera na kuvamiana vibandani. Hiyo husimuliwa sana. Isiyosimuliwa ni kwamba mwaka mmoja kabla alijaribu jambo hilohilo kwenye kambi nyingine, jimbo la New York, likamshinda. Wale wa 1953 aliwaacha wazoeane kwanza, ndipo akawagawa. Watu wake wakafanya vituko vya kuwagombanisha, watoto wakakaa wakatafakari, wakawashuku watu wazima. Jaribio likavunjwa. Mimi nimefundisha miaka mingi na hilo ndilo ninaloliamini: watoto waliokwisha kucheza pamoja ni wagumu kuwagombanisha, na wanajua fitina inatoka wapi. Ndiyo maana katika la pili aliyatenganisha makundi tangu mwanzo, kila moja likidhani liko peke yake.

Sasa kuhusu kutoka. Mleta mada umetaja redio ya Rwanda, lakini kuna nyingine. Mwaka 2004 ilianza tamthilia ya redio kwa Kinyarwanda, iitwayo Musekeweya, juu ya vijiji viwili vya kubuni vinavyogombana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck akachukua watu, wengine wakawa wanasikiliza hiyo kwa mwaka mzima, wengine wakasikiliza tamthilia ya afya. Mwisho akapima. Imani za watu binafsi hazikubadilika sana! Kilichobadilika ni wanachokiona kuwa ndicho watu wa kwao hufanya: kusema wazi pale mnapotofautiana, kuaminiana, kuoana.

Na akawapima bila wao kujua. Mwishoni kila kundi lilipewa redio na kanda za kugawana. Wale wa afya wengi walisema apewe kiongozi aitunze, basi. Wale wa Musekeweya walibishana. Mtu alisimama akasema hapana, ni yetu sote, tupangeni namna. Moyoni hatujui walikuwa na nini.

Mbishi:

Shikamoo Mwalimu. Lakini basi huo ni unafiki uliopangwa vizuri. Chuki iko palepale, imevaa koti.

Mleta mada:

Mimi hilo koti nalipokea kwa mikono miwili. Nilikuja hapa nikiuliza kama kilichofundishwa kinafutika, na naona nilikosea swali. Ningeuliza kama kinaweza kunyimwa kazi. Chuki isiyo na ruhusa ya kusemwa mezani, isiyo na redio, isiyo na jirani wa kuitikia, ni mbuzi asiye na mchungaji.

Wapo wanaoitoa kabisa, sikatai. Durham, Marekani, mwaka 1971, C. P. Ellis, kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, pale mjini, aliwekwa kuwa mwenyekiti mwenza wa mikutano ya kuondoa ubaguzi mashuleni pamoja na Ann Atwater, mwanaharakati mweusi aliyekuwa akimchukia kwa dhati, naye vilevile. Siku moja wakajikuta wanalia pamoja, kwa sababu watoto wa wote wawili walikuwa wakidhihakiwa shuleni kwa ajili ya wazazi wao. Ellis akaichana kadi yake ya Klan. Walibaki marafiki mpaka Ellis alipofariki 2005. Lakini ilibidi wafungiwe chumba kimoja na kazi moja siku kumi. Huwezi kuwafungia watu wote chumba kimoja, ndiyo maana naangalia koti.

Sasa dada, kikombe chako. Si cha kuzaliwa. Ulifundishwa, tena na mwalimu bora: asiyejua kwamba anafundisha. Na kwa vile hakusema neno, huna neno la kumjibu. Sijui kama mkono wako utakuja kunyooka. Swali langu ni nani amesimama mlangoni sasa hivi.

Mama wa watatu:

Umelijua, kumbe.

Mwaka juzi tulikwenda kwao kwenye harusi, mimi na mwanangu wa mwisho, ana miaka minane. Nikaletewa bilauri. Nikanyoosha mkono, ukasita, kidogo tu, mtu mzima asingeona. Mtoto akaona. Akaniuliza kwa sauti, "Mama, ina nini?"

Nikamwambia ina moto.

Yalikuwa maji ya baridi.