Mjadala: Kunguru wa mjini tumwinde, tumtilie sumu, au tuanze na jaa?

Mwana wa Mkunazini (mfungua mjadala)

Assalaam alaykum wanabaraza. Juzi Jumamosi nimewakuta vijana watatu nyuma ya soko la Darajani, hapa mjini Unguja, manati mikononi, wanawavizia kunguru kwenye nyaya za umeme. Muuza tungule mmoja kawaahidi shilingi elfu kwa kila kichwa. Wamerusha mawe kama dakika kumi. Hakufa kunguru hata mmoja. Kilichovunjika ni taa ya gari ya abiria, na kunguru wakahamia nguzo ya pili, wakatulia kutazama ugomvi wa dereva na wale vijana.

Nimecheka, lakini nimekumbuka yangu. Nilipokuwa na miaka kumi hivi, uani kwa bibi palikuwa na mkungu mkubwa, na juu yake kiota cha kunguru kilichosukwa kwa vijiti na vipande vya waya. Nikampiga kinda kwa manati, akaanguka. Tangu siku ile, kila asubuhi nikitoka kwenda chuoni kusoma Kurani kunguru wawili wananifuata paa kwa paa wakinipigia kelele. Siku moja mmoja wao kanishukia kichwani, kofia ikaingia mtaroni. Binamu yangu tuliyekuwa tukienda naye bega kwa bega hawakumgusa hata kidogo. Nikabadili kofia, wapi! Nikabadili njia, nikawa nazungukia mbali mpaka mwalimu akaanza kunichapa kwa kuchelewa. Bibi akaniambia, "Umemuulia mwanawe, sasa lipa." Nimelipa mpaka masika yakaingia.

Ukubwani ndipo nikasoma kwamba haikuwa ndoto ya mtoto. Kule Seattle, Marekani, mtaalamu aitwaye John Marzluff na wenzake mwaka 2006 walivaa kinyago cha sura mbaya, wakawakamata kunguru wachache, wakawavisha pete miguuni na kuwaachia. Baada ya hapo, kila aliyepita na kinyago kile alizomewa, awe nani. Miaka ikapita, wanaozomea wakazidi, na wengi wao hawakuwahi kukamatwa. Wengine hawakuwa hata wamezaliwa siku ile. Wamefundishwa na wakubwa wao.

Sasa msimamo wangu, mnipige vizuri. Huyu kunguru mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, zama za Waingereza, aje ale taka za mji. Ilipofika 1917 wakubwa wale wale wakamtangaza kuwa mharibifu. Miaka ya 1990 ikaja kampeni ya mitego na sumu, idadi ikashuka sana. Fedha zikaisha, kampeni ikalala, kunguru akaamka. Kumwinda vipande vipande ni kumsomesha: mjinga anakufa, mjanja anabaki, na mjanja ndiye anayezaa na kufundisha. Tumempa skuli ya bure zaidi ya miaka mia. Mimi nasema manati ziwekwe chini na sumu isiguswe mpaka kwanza tumnyime chakula. Haya, uwanja ni wenu.

Bi Mfugaji, Fuoni

Wa alaykumu salaam. Mwanangu, hadithi yako tamu, lakini wewe kunguru kakuangusha kofia, mimi ananimaliza. Mwezi huu kuku wangu wawili wameangua vifaranga kumi na tisa. Wamebaki wanne. Sikuibiwa na paka wala kicheche, ni mchana kweupe nikiwa nimekaa pale pale nachambua mchele. Mmoja anatua mbele ya tembe, anamvuta mkia. Tembe akigeuka kumfukuza, wa pili anashuka nyuma na kubeba. Ndiyo, ana akili. Mwizi mwenye akili tumsifu?

Na usiniletee habari za jaa. Jaa litasafishwa lini? Vifaranga vyangu vinaliwa leo. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mchoma Mishkaki

Mimi sina elimu ya Marekani. Ninachojua, mteja akigeuka kuchukua chachandu, mshikaki wa juu haupo. Na kunguru anamjua mgeni na mwenyeji, mwenyeji haendi karibu naye! Uwindaji unaanza lini nije na kapu?

Mpemba wa Wete

Nawasoma hapa nikiwa Pemba, roho juu. Huku kwetu yule kunguru wa asili, mwenye kifua cheupe kama kavaa kizibao, bado tunamwona kila siku. Nyinyi mjini Unguja mara ya mwisho mlimwona lini? Huyu wa Kihindi akishamiri mahali, mwenzake anahama.

Tena kunguru huyu ni abiria wa meli. Mombasa alianza kuonekana 1947, na bandari nyingi za Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu zimempokea hivyo hivyo. Kutoka bandari ya Malindi kwenu Unguja hadi Mkoani huku Pemba ni safari ya saa chache tu. Pemba tuna aina nne za ndege ambao dunia nzima hawapo ila hapa: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba na kijindege chenye duara jeupe la jicho. Hao wanataga juu ya miti, na kunguru ni mla mayai na makinda. Mwana wa Mkunazini, hoja yako ya kumnyima chakula kwanza inafaa pale ambapo wamekwisha kuwa maelfu. Mahali ambapo ni wachache, wakitua wawili wauliwe wote wawili siku hiyo hiyo, kabla hawajapata mwanafunzi wa kumfundisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyinyi ukuta umeshakushindeni.

Ustadh wa Mtaa

Ndugu zangu, kunguru ana sura mbili katika dini yetu, na kila mtu hapa anapenda kuitaja moja. Katika Suratul Maida, mtoto wa Adam alipomuua nduguye hakujua afanye nini na maiti. Mwenyezi Mungu akampeleka kunguru akifukua ardhi, amwonyeshe jinsi ya kumsitiri. Mwuaji akajuta kwa kushindwa kuwa hata kama ndege yule. Yaani mwalimu wa kwanza wa maziko ni kunguru.

Lakini huyo huyo, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, ametajwa miongoni mwa watano wanaoruhusiwa kuuliwa hata na aliye katika ihramu: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Katika mapokezi mamoja ya Muslim ametajwa kunguru mwenye baka jeupe, kwa hiyo Mpemba mwambie wako ajifiche (natania). Wapo wanazuoni walioiona sababu kuwa ni madhara yake, na Bi Mfugaji ameshathibitisha madhara. Kuua inajuzu. Swali ni namna. Tumeamrishwa tukiua tuue vizuri. Kumvunja bawa kwa jiwe kisha kumwacha mtaroni watoto wamchezee, hilo halina mlango wa kuingilia.

Mtembeza Wageni, Jozani

Nina mawili. La kwanza, tupunguze kumvisha kunguru wa Darajani kilemba cha wenziwe. Kila anayesimulia akili za kunguru anamtaja Betty, aliyekunja waya kule Oxford mwaka 2002 ili avute kikapu cha nyama. Betty alikuwa kunguru wa New Caledonia, kisiwa cha Pasifiki, na mwaka 2016 watafiti wakaonyesha kwamba ndege wa aina yake waliokamatwa porini nao hukunja vijiti, kwa hiyo huenda hakubuni kitu kipya siku ile. Na wale waliotunza kifaa wakakitumia baada ya saa kumi na saba, utafiti wa Lund, Sweden, mwaka 2017, ni kunguru wakubwa weusi wa nchi za baridi. Ni ukoo mmoja, sawa, lakini binamu yangu akiwa daktari mimi siandiki dawa.

La pili, sumu. Kenya mwaka 2024 walitangaza lengo la kuua kunguru milioni moja kabla mwaka haujaisha, kwa dawa iitwayo Starlicide, baada ya wenye hoteli za pwani kulalamika. Dawa hii hupakwa kwenye nyama. Kunguru akila anaruka zake kama kawaida, figo zinaharibika taratibu, anafia mtini kwake saa kumi au kumi na mbili baadaye. Uzuri wake ni kwamba inavunjika mwilini, kwa hiyo paka akiokota mzoga hadhuriki kirahisi. Ubaya wake, Ustadh, ni hizo saa kumi. Lakini kwa akili za kunguru hapo ndipo penyewe: hafi mbele ya wenziwe, hivyo hawaijui nyama iliyomuua. Sumu ya papo hapo ingewafundisha kwa maiti moja tu.

Mwana wa Mkunazini

Mtembeza Wageni umenishika pabaya, nakubali. Betty simrudishi. Ila hoja ya kukumbuka sura za watu nairudisha, kwa sababu kofia yangu ilitiwa mtaroni na huyu huyu wa shingo ya kijivu.

Ustadh, ahsante. Bibi yangu aliijua Suratul Maida kwa moyo na kunguru alimfukuza kwa fagio.

Mpemba, kwa Pemba nakuunga mkono bila masharti, na wala sikufikiria kabla hujaandika. Nilikuwa nazungumzia mji wangu nikadhani nazungumzia nchi.

Lakini kwa mjini sijahama. Kunguru huyu hana pori. Umtafute katikati ya msitu wa Jozani humpati, mpaka ukute kibanda cha chakula. Anaishi kwa jikoni letu, machinjio yetu, matumbo ya samaki pale Malindi, mapipa yaliyojaa mpaka yanamwagika. Kule India kwao yupo kuwili, ndege anayetaga mayai yake ndani ya kiota cha kunguru, na kunguru anawalea wasio wake. Hapa hana anayempunguzia. Chake ni chakula tu. Ukiua nusu na chakula kikabaki vile vile, nusu iliyobaki inakula kwa wawili, na makinda yao yanashiba yote. Hiyo ndiyo hesabu ya miaka ya 1990 kama ninavyoielewa.

Muanika Dagaa

Miye mwanamke wa chanja, huku kaskazini. Hesabu zenu zote zinaanzia mjini kwenye takataka. Dagaa wangu si takataka! Nikiwaanika wamelala chini ya jua mpaka alasiri, na kunguru haambiwi hapa pameisha chakula. Kaka, unaponiambia tumnyime chakula, unataka niache kazi?

Nilijaribu kumtundika kunguru mfu kwenye mti. Siku ya kwanza wamekuja wengi, wamepiga kelele juu ya chanja kama msiba, kisha wamekaa mbali siku nne. Ya tano wamerudi. Mzoga wenyewe ulikuwa umeshakauka, na mmoja kamkalia kichwani akichungulia dagaa.

Mchoma Mishkaki

Huyo ndiye wangu!!

Mtembeza Wageni, Jozani

Dada, siku nne zile ndizo zenye faida. Msiba wao ni somo: wanakusanyika kujua mahali gani pana hatari. Ukimtundika kila siku wanaona hauna madhara. Mtundike siku za dagaa wengi tu, kisha umwondoe. Na wavu wa macho madogo juu ya chanja, mkongwe usiofaa tena baharini, wavuvi watakupa bure.

Mwana wa Mkunazini

Dada, umenikuta. Dagaa sikuwaweka kwenye hesabu. Niseme hivi: mapipa na machinjio yafungwe, chanja na mabanda yafunikwe, kisha ndipo serikali, si vijana wa manati, iue kwa mara moja, kisiwa kizima, na iendelee mpaka wa mwisho. Ikiwa fedha ni za miaka miwili tu, bora zinunue mapipa yenye vifuniko.

Bi Mfugaji, Fuoni

Nimefunika banda kwa wavu tangu jana usiku, wa jirani yangu mvuvi. Leo asubuhi kunguru wawili wamekaa juu ya ukuta, hawakupiga kelele hata moja. Nikashangaa wanangoja nini. Saa kumi na mbili na nusu mjukuu akatoka kwenda skuli, akapitia bandani kuwapa kuku maji kama kawaida yake, akaacha mlango wazi kwa dakika moja. Vifaranga vyangu sasa ni vitatu.

Kesho maji nawapa mwenyewe saa kumi na moja, kiza bado. Nitakuambieni.