Bamba la bahari limepoa, volkano za visiwani zinapata wapi moto?

Mwanajiwe_Dom
Wakuu, salaam. Nasoma jiolojia mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba huko Karibi ya Mashariki sakafu ya Atlantiki inazama chini ya bamba la Karibi (bamba ni kipande kikubwa cha tabaka gumu la nje la dunia), na volkano zimejipanga juu yake kama upinde. Lakini sakafu hiyo imekaa baharini mamilioni ya miaka, imepoa. Kitu baridi kikishuka si kinapoza? Moto unatoka wapi?

Mzee wa Nyundo
Mwanangu, moto ulikuwepo siku zote. Bamba linaleta maji.

Mantili, yaani tabaka nene la miamba chini ya ganda la dunia, pale juu ya bamba linalozama ina joto linalopita nyuzi 1,000, ila mgandamizo unaizuia isiyeyuke. Bamba likifika kina cha kilomita 100 hivi, madini yake yaliyobeba maji, kama serpentini, hushindwa kuyashika. Maji yanapanda, yanaingia kwenye ule mwamba wa moto na kushusha kiwango chake cha kuyeyuka kwa mamia ya nyuzi. Hapo inazaliwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ambayo ikiganda huwa basalti, jiwe jeusi la volkano.

Nilifika Montserrat, kisiwa kimoja cha upinde huo, miaka michache baada ya mlipuko wa 2010. Paa za Plymouth, mji wake uliofukiwa, zilikuwa zinachungulia kwenye majivu, na nilikaa kimya muda mrefu nikiwawaza watu 19 waliokufa Juni 25, 1997. Jiwe la pale ni andesaiti, jiwe la volkano la kijivu, lakini ndani yake kuna mabonge meusi ya mviringo, mengine ukubwa wa chungwa. Ukingo wa bonge una chembe ndogo kuliko katikati. Hiyo ni basalti changa iliyojisukuma ndani ya andesaiti isiyo na moto kama wake, ikaganda ghafla. Basalti hiyo ndiyo iliyoipasha upya hazina ya magma na kuichochea volkano iliyoamka Julai 1995.

Binti wa Mashamba ya Chumvi
Shikamoo Mzee. Kama mantili inazaa basalti, andesaiti inatoka wapi?

Mzee wa Nyundo
Marahaba binti. Jibu unalo nyumbani. Chumvi ikishaganda shambani, maji yanayobaki yanakuwaje?

Binti wa Mashamba ya Chumvi
Machungu! Hayafanani tena na ya bahari.

Mzee wa Nyundo
Basi ni hivyo hivyo. Madini ya olivini na piroksini yanaganda mapema na kuondoka na magnesiamu na chuma, uji unaobaki unazidi kuwa na silika (ile ya kwenye mchanga) hadi unakuwa andesaiti. Huyeyusha pia kidogo miamba ya ganda inamopita. Hornblendi, madini meusi yenye maji ndani yake, nayo huja pale penye maji ya kutosha. Magma ikipanda polepole, maji yanatoroka na hornblendi inaanza kuoza ukingoni. Upana wa ukingo huo unakuambia magma ilipanda kwa mwendo gani. Mimi jambo hili halijawahi kunichosha.

Mwanajiwe_Dom
Na Oldoinyo Lengai, volkano yetu ya kaskazini mwa Tanzania, je?

Mzee wa Nyundo
Lengai hakuna bamba linalozama chini yake, pale ardhi inatanuka. Tusichanganye.

Mwezi ujao napita Dodoma. Nina vipande vitatu vya Montserrat vilivyosuguliwa hadi unene wa milimita 0.03. Kimoja nitakuachia, ukitie kwenye hadubini, uanze na hornblendi.