Tupeane uzoefu: umejifunza nini kwa mtu wa fani nyingine?

Muuguzi wa Zamu
Wakuu, habari za mchana. Nina miaka 17 kwenye uuguzi, na kitu kilichonibadilisha zaidi kazini sikukipata darasani wala kwa daktari. Nilikipata kwa shemeji yangu, mwongoza ndege.

Usiku mmoja daktari alinipigia simu kunipa agizo la dawa. Simu inakwaruza, wodi imejaa, mtoto analia. Yeye kasema miligramu thelathini, mimi nimesikia themanini. Nikaanza kuvuta dawa. Kilichoniokoa ni kwamba kichupa kimoja hakikutosha. Nilipofuata cha pili nikajiuliza, dozi gani hii? Nikampigia tena. Mgonjwa hakuguswa, lakini mikono ilinitetemeka hadi asubuhi.

Nilipomsimulia shemeji hakunipa hata pole. Aliuliza tu, "Ulimrudishia?" Nimrudishie nini? Akanieleza kwamba kwao rubani akipewa kimo cha kupaa hajibu "sawa" akaishia hapo. Anakikariri kimo chenyewe, na mwongozaji anasikiliza huku yuko tayari kumkatiza. Tena namba nyingi hutamkwa tarakimu mojamoja. Kwa hiyo ingekuwa "tatu sifuri", ambayo hata kwenye simu mbovu haifanani na "nane sifuri". Tangu hapo sipokei agizo la simu bila kuliandika, kulisoma kwa sauti na kungoja niambiwe ndivyo. Mwanzoni madaktari wawili watatu walinuna. Wamezoea.

Haya, leteni yenu. Nadharia wekeni pembeni, nataka yaliyowakuta.

Mwalimu wa Hesabu
Mimi mwalimu wangu ni fundi gari. Nilimpelekea gari linazimika ovyo, nikamwambia afungue injini. Akakataa. Akauliza: linazima likiwa la baridi au likishapata moto? Ukipanda mlima au kwenye tambarare? Kisha akasema, "Liwashe, nilisikilize."

Nikarudi darasani na aibu yangu. Nilikuwa na mtoto ambaye kila zoezi la kutoa anakosa, na dawa yangu ilikuwa kumrudia somo lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Siku hiyo nikamwambia afanye 52 kutoa 38 huku ananieleza. Akaandika 26. "Nane toa mbili ni sita, tano toa tatu ni mbili." Kumbe hakuwa anabahatisha! Alikuwa na kanuni yake, kubwa toa ndogo, iwe juu iwe chini, na anaifuata kwa uaminifu kuliko wengi wanavyofuata ya kwangu. Nilikuwa nafundisha upya kitu ambacho hakikuharibika. Tukakaa na suala la kukopa kumi tu, akapona.

Fundi Gari
Mwalimu umenifurahisha, maana sisi huwa tunaonekana wachafu tu. Na mimi nikiri deni langu. Dada yangu ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Wao hawamfungi mgonjwa kabla ya kuhesabu gozi za kufutia damu, sindano na vyuma. Hesabu isipotimia, hakuna kufunga. Mimi niliwahi kusahau kitambaa kwenye njia ya hewa ya injini, gari likarudi likiwa limebebwa. Sasa nina ubao ukutani, kila spana imechorewa umbo lake. Nafasi ikiwa wazi, boneti halifungwi. Mafundi wa ndege wanafanya hivyohivyo.

Mwandika Programu
Fundi bomba. Alikuja kwangu kurekebisha bomba la jikoni, akafunga koki moja, maji ya bafuni yakaendelea kutoka kama kawaida. Mimi wakati huo nilikuwa na mfumo ambao ukigusa sehemu ya malipo, hadi ukurasa wa kuingilia unalala. Nikamuuliza mbona anaweka koki nyingi hivyo. "Mimi nitarudi siku moja kuharibu kitu hapa," akasema. Nimeanza kujenga kama mtu atakayerudi kuharibu.

Daktari wa Usingizi
Kuna mfano ambao sisi wa fani hii tunaupenda. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, ilikuwa na shida pale mtoto anapotolewa upasuaji wa moyo kwenda kwa wagonjwa mahututi: mirija, mashine, maelezo, wote wanaongea pamoja. Madaktari wakaenda kwa timu ya Ferrari ya mbio za magari kuangalia wanavyobadilisha magurudumu. Waligundua kwamba kule kila mtu ana kazi moja, mmoja tu ndiye anayeamua gari liondoke, na kelele hakuna. Wakapanga upya makabidhiano yao, na makosa yakapungua. Wodini kwetu tumechukua kipande kimoja tu: vifaa viunganishwe kwanza kimya, ndipo mtu mmoja aeleze. Ukimya huo ndio uliokuwa mgumu kuupata, si kitu kingine.

Mhandisi Mbishi
Naomba nitie mchanga kidogo. Ofisi niliyokuwepo zamani ilichukua orodha ya kutiki kutoka fani nyingine ikatushushia. Mwezi wa pili watu wanatiki zote jioni wakiwa wameshavaa makoti. Hata hospitali zenyewe yamezikuta. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilipojaribiwa kwenye hospitali 8 za miji 8, matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini Ontario, Kanada, hospitali 101 ziliitumia, na utafiti wa 2014 haukuona upungufu wa maana wa vifo. Ni karatasi ileile.

Muuguzi wa Zamu
Mhandisi, sikupingi, nimeziona hizo tiki za jioni. Hata shemeji anasema rubani anaweza kukariri huku akili iko kwingine, ndiyo maana kazi ya kusikiliza amepewa mwingine. Nadhani hapo ndipo ofisi yenu ilikosea. Walichukua karatasi wakamwacha msikilizaji.

Mwalimu wa Hesabu
Dada muuguzi, swali la kichokozi. Tatu na tano nazo kwenye simu mbovu je?

Muuguzi wa Zamu
Umenikamata! Nilimuuliza shemeji hilohilo, akacheka, akasema wao wanafanya kazi kwa Kiingereza. Mimi nikipata tatu au tano nauliza, "Moja, mbili, tatu?" Daktari mmoja aliwahi kunijibu, "Nne, tano," akakata simu.

Alikuwa ananitania, lakini dozi ilikuwa tano kweli. Nilimpigia tena kuhakikisha.